Seli inajilaje? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu otofajia na vimeng'enya vinavyoiwasha na kuizima

Haya ni maswali ambayo watu wanarudia kuuliza, wengine wanafunzi wa baiolojia, wengine wamesikia tu kwamba ukifunga mwili "unajisafisha". Yamepangwa kuanzia mepesi. Jibu likigusa swali jingine nimeelekeza uende huko, maana kurudia rudia kunachosha.

## Mwanzo mwanzo

1. Kwani seli inajila kweli au ni maneno tu?

Inajila kweli, ila sio yote na sio kwa fujo. Ndani ya seli kuna protini zilizochakaa, mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) zilizozeeka, vipande vya utando, saa nyingine na bakteria aliyejipenyeza, sasa seli inatengeneza kautando kadogo kama bakuli, hako kabakuli kanaendelea kukua na kujikunja mpaka kanafunga mdomo na kilichokuwepo hapo kimeshanaswa ndani. Hicho kifuko upana wake ni kama nusu mikromita hadi mikromita moja na nusu hivi. Baadaye kinaenda kuungana na lisosomu, ambayo ndo tumbo la seli, ndani kuna asidi (pH inacheza kwenye 4.5 mpaka 5) na vimeng'enya vya kusaga karibia 60 vya aina tofauti. Kinachotoka upande wa pili ni amino asidi, mafuta na sukari, vyote vinarudi kutumika upya.

Shughuli nzima inaitwa otofajia. Jina limetoka kwenye Kigiriki, maana yake kujila mwenyewe, na aliyelitoa ni Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963. Huyo huyo na timu yake ndo waliogundua lisosomu mwaka 1955.

2. Sasa kwa nini ijile? Si itajimaliza?

Sababu ni mbili, njaa na usafi. Ya njaa ndo rahisi kuelewa: chakula kikikata, nyumba inavunja kabati la zamani ipate kuni za kupikia usiku mmoja upite. Ini la panya aliyenyimwa chakula siku 2 linapoteza kati ya robo na asilimia 40 hivi ya protini zake, na linafanya hivyo likiwa zima kabisa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa vitoto vya panya. Kitoto kikizaliwa kitovu kinakatwa, chakula cha mama kinakoma ghafla, na maziwa bado hayajaanza kuingia vizuri. Watafiti walitengeneza panya wasio na jeni ya Atg5, ambayo bila hiyo kile kifuko hakijengeki. Mwaka 2004 wakaripoti kwamba vile vitoto vinazaliwa vikionekana vya kawaida, vina viungo vyote, halafu vinakufa ndani ya siku moja. Kumbe yale masaa machache ya mwanzo mwili unaishi kwa kujila.

Ya usafi ni ya kila siku, hata ukiwa umeshiba. Seli za neva za ubongo hazigawanyiki, hivyo taka haziwezi kupunguzwa kwa kugawana na seli mpya, zisipofagiliwa zinabaki pale pale miaka nenda miaka rudi.

3. Kinasi ni nini?

Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP (umeme wa seli, swali la 7) na kuibandika kwenye protini nyingine. Basi, kazi yake ni hiyo. Inaonekana ndogo, ila fosfeti ina chaji hasi kubwa, ukiibandika kwenye protini umbo lake linabadilika, inaweza kuamka, ikalala, ikashikana na mwenzake au ikahamishwa sehemu. Ni kama mhuri wa ofisini, karatasi ni ile ile ila ikigongwa mhuri inaenda dirisha jingine kabisa. Na mahali ulipogongwa panahesabika, utaona kwenye swali la 8.

Binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Wanaofuta mihuri nao wapo, wanaitwa fosfatasi, na watu wanawasahau sana wakati bila wao ishara ikishatoka ingebaki hivyo hivyo milele.

4. Nani alifumbua fumbo la otofajia?

Yoshinori Ohsumi wa Japani, akapewa Nobel ya tiba mwaka 2016, peke yake. Na alitumia hamira, hii hii ya maandazi.

Ujanja wake naupenda. Hamira ina chumba kikubwa cha kusagia, ila kila kinachoingia kinasagwa haraka sana kiasi kwamba kwenye darubini huoni kitu. Akachukua hamira zilizokosa vimeng'enya vya kusaga, akazinyima chakula, akakaa kwenye darubini. Masaa machache baadaye kile chumba kimejaa vipunje vya duara vinatikisika tikisika humo ndani, yaani taka zimefika dampo na hakuna wa kuzichoma. Kwa hiyo otofajia ikaonekana kwa macho. Baada ya hapo akaanza kuharibu jeni moja moja akitafuta hamira ambazo vipunje havitokei, mwaka 1993 akawa na jeni 15. Mojawapo ni Atg1, na ilipokuja kuchunguzwa ikakutwa ni kinasi. Hapo ndo kinasi zilipoingia kwenye hadithi hii.

## Wenye sauti: mTOR, AMPK na ULK1

5. mTOR ni nini, mbona kila mtu anaitaja?

Ni kinasi inayosimamia ukuaji. Mfikirie fundi mkuu wa ujenzi: simenti ipo, nondo zipo, hela ya vibarua ipo, anasema jengeni. Protini zinatengenezwa, seli inanenepa, na kwa wakati huo huo anapiga marufuku kubomoa. Vikipungua ananyamaza, na akinyamaza tu wabomoaji wanaanza kazi. Kwa hiyo mTOR haiwashi otofajia, inaizuia, na otofajia inakuja pale zuio linapoondoka. Wengi wanakosea hapa.

Jina lake lina safari ndefu. Mwaka 1964 msafara wa Wakanada ulikwenda Rapa Nui, kisiwa kilichojitenga kule Pasifiki, wakarudi na udongo. Kwenye huo udongo kukapatikana bakteria anayetoa kemikali ya kuua fangasi, ikaitwa rapamisini kufuata jina la kisiwa, ikatangazwa 1975. Baadaye ikajulikana inatuliza kinga ya mwili, na mwaka 1999 Marekani wakaipitisha kwa wagonjwa waliopandikizwa figo. Sasa inafanyaje kazi? Mwaka 1991 Michael Hall na wenzake huko Basel, Uswisi, wakatumia hamira (tena hamira!) wakapata jeni ambazo rapamisini inazilenga, wakaziita TOR, kifupi cha maneno yanayomaanisha shabaha ya rapamisini. Ya wanyama ikaongezewa m mbele.

Anayezuia otofajia ni kundi moja la mTOR linaloitwa mTORC1. Lipo jingine, mTORC2, tutalikuta kwenye swali la 15.

6. mTORC1 inajuaje kama nimekula?

Ina masikio mawili na yote lazima yasikie.

La kwanza linasikia amino asidi. mTORC1 inafanyia kazi juu ya ukuta wa lisosomu, yaani fundi mkuu kaweka kiti mlangoni pa jiko. Amino asidi zikiwepo, protini ndogo zinaitwa Rag zinaivuta mpaka pale. Leusini ina mtu wake wa kuipima, Sestrin2, na arjinini ina wake, CASTOR1, hao wakikosa walichozoea kukishika wanabana njia.

La pili linasikia homoni, hasa insulini. Umekula ugali, sukari imepanda, insulini imetoka, inagusa kipokezi, kinasi ya PI3K inaamka, inaiamsha kinasi ya AKT, AKT inagonga mhuri kwenye TSC2, na TSC2 ndo ilikuwa imemkalia mwenzie anaitwa Rheb. Rheb akiachiwa anamkuta mTORC1 pale pale kwenye lisosomu anaiwasha. Ukiona ni mlolongo mrefu ni kweli, ila faida ya mlolongo ni kwamba kila hatua mtu anaweza kuingilia kusema ngoja kwanza.

Ndo maana amino asidi peke yake bila insulini, au insulini bila amino asidi, haifikii nguvu ya vyote viwili kwa pamoja.

7. Na AMPK?

Hii ni kinasi inayosoma LUKU. ATP ndo umeme wa seli, ukitumika unageuka ADP na AMP, kwa hiyo AMP ikiongezeka maana yake units zinaisha. AMPK inashikwa na AMP yenyewe, halafu kinasi nyingine, LKB1, inaigonga mhuri inaamka vizuri. Ikiamka inapunguza matumizi: acha kutengeneza mafuta, choma mafuta, ingiza glukosi. Na inamkaba mTORC1 kwa njia mbili, inamgonga TSC2 mhuri tofauti na ule wa AKT ili aendelee kumkalia Rheb, na inamgonga mhuri Raptor, mshirika wa mTORC1 mwenyewe.

Habari yake na otofajia moja kwa moja ipo swali la 8, halafu swali la 18 ndo inavuruga kila kitu.

8. Ishara zote hizi zinakutana wapi?

Kwa ULK1. Hii ndo Atg1 ya hamira kwa toleo letu, ni kinasi, na haitembei peke yake, iko na ATG13, FIP200 na ATG101.

Tuisogelee. ULK1 ni mnyororo wa amino asidi zaidi ya elfu moja, na kwenye huo mnyororo kuna sehemu za serini (aina moja ya amino asidi) ambapo fosfeti inaweza kubandikwa. Ukihesabu kwa ULK1 ya panya, serini ya 757 ni ya mTORC1. Chakula kikiwepo mTORC1 inabandika pale, na ULK1 inapoa. Serini ya 317 na ya 777 ni za AMPK, zikibandikwa ULK1 inaamka, hivyo ndivyo ilivyoripotiwa mwaka 2011. Na mhuri wa 757 ukiwepo AMPK haiwezi hata kuikaribia ULK1 vizuri. Protini ni ile ile, fosfeti ni ile ile, kilichotofautiana ni mahali na nani kabandika. Ukimwambia mtu "ULK1 imebandikwa fosfeti" hujamwambia kitu, lazima useme wapi.

mTORC1 ikizimika ule mhuri wa 757 unafutwa na fosfatasi, ULK1 inajibandika yenyewe, inawabandika na wenzake, mkutano unaanza.

9. Baada ya ULK1 kuamka nini kinafuata?

ULK1 inamwamsha VPS34. Huyu naye ni kinasi ila wa tofauti, yeye fosfeti habandiki kwenye protini anabandika kwenye mafuta ya utando. Pale utandoni panatokea alama inaitwa PI3P, ni kama kuweka bendera kwamba ujenzi ni hapa. VPS34 anatembea na VPS15, ATG14 na Beclin 1.

Beclin 1 ana kisa chake. Chakula kikiwepo ameshikwa mkono na Bcl-2, ile protini maarufu ya kuzuia kifo cha seli. Njaa ikiingia kinasi inaitwa JNK1 inamgonga Bcl-2 mhuri, anamwachia Beclin 1, naye anaenda kazini. Kumbuka hii, inarudi kwenye mazoezi.

Kwenye bendera wanakuja wajenzi. ATG7 ndo injinia, yuko upande wa kuunganisha protini inaitwa LC3 na mafuta ya utando ili LC3 ibaki imeng'ang'ania pale, na ATG12, ATG5 na ATG16L1 wanasaidia ibandikwe sehemu sahihi. LC3 ndo alama ambayo watafiti wanaipaka rangi kuhesabu vifuko. Hawa sio kinasi tena, hii ni kemia nyingine, sitakaa hapo sana.

10. Je jeni zenyewe zinahusika au ni mihuri tu?

Zinahusika, ila taratibu zaidi. Mihuri ni ya dakika, jeni ni ya masaa. Kuna protini inaitwa TFEB ambayo ikiingia kwenye kiini inawasha jeni za kutengeneza lisosomu na vifaa vya otofajia. Ukiwa umeshiba mTORC1 inaigonga mhuri na inabaki nje imefungiwa. Njaa ikija lisosomu inamwaga kalsiamu, kalsiamu inaamsha fosfatasi inaitwa kalsinyurini, mhuri unafutwa, TFEB inaingia ndani. Kwa hiyo lisosomu sio jalala tu lisilosema, ndo inayotoa taarifa kwamba inahitaji wenzake waongezwe.

11. Nani anaizima? Maana isipozimwa si tumekwisha?

Yenyewe inajizima, na hii ni sehemu tamu. Otofajia ikiendelea muda mrefu lisosomu inatoa amino asidi, hizo amino asidi zinasikika na mTORC1 iliyokaa pale pale mlangoni (swali la 6), mTORC1 inaamka kidogo, inaizuia ULK1. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba mTORC1 ikirudi hivyo, lisosomu kubwa kubwa zilizoungana na vifuko zinachomoa vijibomba vyembamba ambavyo vinakatika kuwa lisosomu mpya. Yaani mtu kala akiba, akafua vyombo, akavipanga kabatini.

## Kufunga, chakula, mazoezi

12. Nifunge masaa mangapi ili otofajia ianze?

Hili ndo linaulizwa kuliko yote na nitalijibu bila kuzunguka: ile namba ya saa 16 unayoiona kila mahali haitoki kwenye kipimo cha binadamu. Data nyingi za kufunga ni za panya, na panya anawaka haraka mno, akikaa siku 2 bila chakula uzito unashuka kwa kiasi ambacho wewe usingekifikia kwa siku 2. Huwezi kuchukua saa za panya ukamvalisha mtu.

Halafu swali lenyewe limekaa kama vile kuna swichi. Haipo. Otofajia inaendelea sasa hivi unaposoma, kwa kiwango cha chini, ini lina kasi yake, misuli ina yake, ubongo wenyewe wa panya walioshindishwa njaa hauonyeshi vifuko vingi kama ini linavyoonyesha. Kinachobadilika ni uwiano wa mihuri kwenye protini kama ULK1, inapanda na kushuka kama sauti ya redio.

Kufunga kunashusha insulini na kunaituliza mTORC1, hilo halina ubishi. Ila mtu akikuambia "saa ya 16 dakika ya kwanza unajila", huyo anauza kitu.

13. Je funga ya Ramadhani au Kwaresma inatosha?

Mwelekeo wa kemia ni ule ule wa swali la 12, insulini inashuka mchana. Ila funga ni ibada, isigeuzwe kuwa kliniki. Na wenye kisukari wanaotumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari waongee na daktari kabla, sukari ikishuka sana mtu anaanguka na hapo otofajia haimsaidii.

14. Chai ya rangi, kahawa, maharage, vinavunja?

Chai na vijiko viwili vya sukari inapandisha insulini, kwa hiyo ndiyo. Kahawa bila sukari ina kisa, panya waliopewa kahawa, iwe ya kawaida au isiyo na kafeini, otofajia ilipanda kwenye ini, misuli na moyo, ila hao ni panya. Maharage, nyama, samaki na mayai vina leusini, na leusini ndo inayosemeshana na mTORC1, rudi swali la 6. Sio ubaya, bila hiyo misuli haijengeki.

15. Kama mTOR inazuia usafi, kwa nini tusiizime tu moja kwa moja?

Kwa sababu fundi mkuu ukimfukuza nyumba haijengwi. Mtoto hakui, misuli inapungua, kidonda kinachelewa kupona, chembe za kinga hazizaliani. Wagonjwa wanaomeza rapamisini baada ya kupandikizwa figo wanajua, vidonda vya mdomoni, mafuta kwenye damu kupanda, maambukizi. Na ukiitumia muda mrefu inaanza kugusa mTORC2 pia, hiyo inahusika na kuipa AKT nguvu kamili, ukiivuruga insulini inakosa kusikilizwa vizuri na sukari inapanda. Kuna watu wanaiagiza kimya kimya wakitafuta ujana. Mimi sinunui dawa ya kupunguza kinga ya mwili kwa kusikia sikia, wewe amua.

16. Mazoezi yanawasha?

Kwa panya ndiyo, imeonyeshwa mwaka 2012, wakawekwa kwenye mashine ya kukimbilia, baada ya nusu saa vifuko vimeshaongezeka kwenye misuli. Uzuri wa ule utafiti ni kwamba walitengeneza panya wenye Bcl-2 ambayo zile sehemu za kugongwa mhuri zimebadilishwa, mhuri haukai, Beclin 1 haachiwi (swali la 9). Hao wakakimbia otofajia haikupanda, walichoka mapema, na faida ya mazoezi kwenye kudhibiti sukari waliikosa. Sehemu tatu tu za kubandika fosfeti, basi.

## Dawa na magonjwa

17. Metformini, rapamisini, klorokwini: zipi zinawasha, zipi zinazima?

Rapamisini inawasha kwa kumnyamazisha mTORC1. Metformini, dawa ya kisukari ambayo nyumba nyingi za kwetu ipo kabatini, inabana kidogo uzalishaji wa ATP kwenye mitokondria, AMPK inaona units zinapungua inaamka, ingawa sio kila inachofanya kinapitia AMPK. Inaandikwa kwa ajili ya sukari, sio kwa ajili ya otofajia.

Klorokwini ni habari nyingine, na wenye umri kidogo wanaikumbuka kwa uchungu wake na ule muwasho wa usiku kucha unaojikuna hujui uanzie wapi. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea. Ni besi dhaifu (besi ni kinyume cha asidi), inapita utando kirahisi, ikifika kwenye asidi inachukua chaji na haiwezi kutoka tena, inajazana. Kwa kimelea cha malaria inajazana kwenye chumba chake cha kusagia damu yetu, anakufa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe. Kwenye seli zetu inajazana kwenye lisosomu, asidi inapungua, vifuko vinashindwa kuungana nayo. Kwa hiyo klorokwini haizibi otofajia kwa kupitia mihuri ya kinasi, vifuko vinajengwa, ila jiko halina moto. Watafiti wa saratani wanamtumia ndugu yake haidroksiklorokwini kwa sababu hiyo hiyo.

Otofajia yenyewe kwenye saratani ina sura mbili. Panya wenye nakala moja tu ya jeni ya Beclin 1 wanapata uvimbe zaidi, maana usafi umepungua. Lakini uvimbe ukishakua, katikati yake hakufiki damu ya kutosha, unaishi kwa kujila, na hapo kuizima ndo kunasaidia. Hivyo "otofajia inazuia saratani" na "otofajia inalisha saratani" zote ni kweli, inategemea umefika lini.

Kuhusu Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka: kuna kinasi inaitwa PINK1. Mitokondria ikiwa nzima PINK1 inavutwa ndani inakatwa na kutupwa, haikai. Mitokondria ikiharibika haiwezi kuivuta, inajazana nje, inaanza kugonga mihuri, inamwita protini mwenzake anaitwa Parkin, wote wawili wanaijaza ile mitokondria alama za "hii ibebwe". Wenye jeni mbovu za hawa wawili wanapata Parkinson wakiwa bado vijana. Na TB: mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba makrofaji (chembe za kinga zinazomeza vijidudu) zilizonyimwa chakula au kupewa rapamisini zinaweza kuwapeleka bakteria wa TB kwenye lisosomu, wengi wakafa. Ilikuwa kwenye maabara, usiache dozi ya TB ukafunge.

## Kesi ngumu

18. Nimesoma AMPK inazima otofajia. Si umesema inawasha?

Nimesema ndivyo ilivyoripotiwa 2011, na vitabu vingi bado vinasema hivyo. Mwaka 2023 ukatoka utafiti ukasema hapana, glukosi ikikosekana na nishati ikiporomoka, AMPK inaishika ULK1 isianze otofajia kwa pupa, na wakati huo huo inalinda vifaa vya otofajia visiharibiwe, vije vitumike hali ikitulia. Ukikaa ukafikiria inaleta mantiki: kubomoa nako kunakula umeme, VPS34 anatumia ATP, ATG7 anatumia ATP, lisosomu inasukuma asidi kwa ATP. Units zimebaki tatu unaanzaje kuwasha mashine ya kusaga?

Maoni yangu ni kwamba njaa ya amino asidi na njaa ya glukosi tulizichanganya muda mrefu kana kwamba ni njaa moja. Mwalimu akikuuliza kwenye mtihani mpe jibu la kitabu halafu ongeza mstari mmoja.

19. Otofajia na apoptosisi ni kitu kimoja?

Hapana. Apoptosisi seli inajiua kwa mpango, otofajia mara nyingi inafanya ili isife. Wanafahamiana tu, Bcl-2 anakaa kote kote (swali la 9).

20. Vifuko vya LC3 vimeongezeka kwenye darubini, si ina maana otofajia imepanda?

Sio lazima, na hili limeniumbua. Nilihesabu nukta za kijani wiki nzima, nikaenda kwa msimamizi wangu nimejaa furaha, akaniangalia akasema: "Vimeongezeka, au vimekwama?" Nikakosa jibu.

Daladala 40 zimejaa stendi. Inaweza kuwa abiria ni wengi na magari yameongezwa, au barabara imefungwa mbele hakuna linalotoka. Ukipiga picha ya stendi huwezi kujua. Klorokwini nayo inaongeza vifuko, kwa sababu haviishi. Unachotakiwa ni kupima mtiririko: chukua seli zako, nusu zizibe lisosomu kwa makusudi, nusu ziache, halafu linganisha. Ukiziba na vikaongezeka zaidi, magari yalikuwa yanatembea. Ukiziba na hakuna tofauti, yalikuwa yamekwama tangu mwanzo. Angalia na p62, protini inayobeba taka na kusagwa nazo, ikipungua mara nyingi ni dalili nzuri. Na ULK1 ipime mhuri wa 757, sio ULK1 jumla.

21. Kuna kipimo cha hospitali cha kujua otofajia yangu ikoje?

Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali. Sababu ni ile ya swali la 20, inabidi upime mtiririko, na mtu hai humzibi lisosomu za ini ili uone nini kinajazana. Tone la damu linakupa hali ya chembe za damu tu, misuli na ubongo havikuhusika. Sukari, HbA1c (kipimo cha sukari cha muda mrefu), mafuta kwenye damu, hivyo vinapimika na vina maana yake. Akitokea mtu anakuuzia "kipimo cha otofajia" na karatasi yenye asilimia, muulize tu amepima tishu gani, na alifanyaje kujua vifuko vilikuwa vinatembea.